Sabuni ya Kalisti na Mtandao wa Nyarugusu

Jumatatu, 2 Juni 2025
Chupa zangu za sabuni ya maji zinajaa vumbi dukani. Leo nimemwona Mama Loveness, mama lishe jirani yangu, akishuka kwenye bodaboda na sabuni aliyonunua Geita mjini. Geita! Na mimi Kalisti nipo ukuta mmoja na jiko lake! Swaumu, fundi cherehani, naye hununua huko huko. Nimepata wazo. Mtandao wa wafanyabiashara wadogo wa Nyarugusu! Tuuziane wenyewe kwa wenyewe, hela ibaki hapa. Nimewazungukia wote. Mama Loveness akauliza atakayefaidi ni nani. Nikasema uchumi wa kijiji. Sabuni sikuitaja.

Jumatano, 4 Juni
Kikao kwa Mama Loveness. Nikapendekeza sheria: atakayenunua nje kitu kilichopo ndani ya mtandao ataosha masufuria ya Mama Loveness wiki nzima. Makofi! Kisha uchaguzi wa mwenyekiti. Shati nilishapiga pasi. Akachaguliwa Marcel, kinyozi. Marcel! Mtu ananyoa kama anapalilia viazi. Nilipata kura moja, na aliyeipiga namjua.

Ijumaa, 6 Juni
Sabuni imekwisha yote. Mtandao ni kitu kizuri sana. Ila kesho mpwa wangu anaolewa Mwadui, na dada kasisitiza nifike na kichwa cha heshima. Kwa Marcel? Hapana. Nikapanda bodaboda hadi Kalangalala, Geita mjini, kwa kinyozi mwenye viti vya kuzunguka. Nusu ya kichwa imeshanyolewa, nikamwona Marcel kwenye kioo. Alikuja mjini kutafuta kisu cha mashine yake, kwetu hakipatikani. Akanisalimia kwa Kisukuma, mwadila, kwa upole kabisa. Akavuta kiti.

“Malizia tu, ndugu yangu,” akamwambia kinyozi. “Nataka nione anavyopenda kunyolewa.”

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumatatu, 9 Juni
Harusi ilifana. Leo nimeanza masufuria. Swaumu alipita mara tatu, eti ana haraka. Mchana Rebeka, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, na wachimbaji wengi, akaja kula. Akaona masufuria yanang'aa, akauliza yameoshwa na nini. Kabla sijajibu, Marcel, aliyekuwa anakula meza ya pili, akamweleza mtandao mzima: chakula, ovaroli, kunyoa, sabuni. Akanitaja kwa jina kama mtengenezaji hodari. Rebeka akaagiza vyote kwetu! Mama Loveness akapiga vigelegele. Nikataka kumshukuru Marcel, lakini mikono ilikuwa na masizi. Nikaahirisha.

Alhamisi, 12 Juni
Rebeka anataka pipa zima la sabuni Jumapili. Peke yangu siwezi. Swaumu na Mama Loveness wamejitolea kuja kukoroga pamoja nami, ndiyo kazi ya mtandao, wanasema. Nimekataa. Wakishajua mapishi nitabaki na nini? Nimeagiza pipa la sabuni iliyo tayari, nitajaza kwenye chupa zangu. Kosa la mara ile nimeliona: Kalangalala ni karibu mno. Hili linatoka Shinyanga mjini, linakuja kwa lori, nani atajua? Dereva ni mtu msiri sana, kaniapia. Ni shemeji yake Marcel.