Hatudaiani

Nusu ya uso wake ilikuwa imenyolewa na nusu ingali na povu, pale Msomi alipofumbua jicho moja akaiona riziki. Wengine riziki huiona shambani, wengine dukani. Yeye aliiona mdomoni mwa kinyozi, maana kinyozi alikuwa analalamika, na kwa hesabu za Msomi, mtu anayelalamika ameshafungua mfuko nusu.

"Kila mwezi wananikata bima," kinyozi alikuwa akisema, wembe ukicheza karibu na koo la mteja. "Nilikopa ninunue hiki kiti ulichokalia. Wakaniambia bila bima mkopo haupiti. Bima ya nini? Bima ya kufukuzwa kazi. Sasa kaka, mimi hapa atanifukuza nani? Kioo?"

"Taratibu na huo wembe. Wamekukata wewe peke yako?"

"Peke yangu wapi. Fundi viatu, muuza mkaa, Shangazi wa cherehani. Mtaa mzima tumekatiwa bima ya mabosi tusiokuwa nao."

Msomi akafumba jicho, akatabasamu ndani ya povu.

Jina hilo hakulipata bure. Alifika chuo kikuu kweli, akaishia getini, alikokuwa akiuza kalamu. Hapo getini alijifunza somo kubwa kuliko yote yaliyofundishwa ndani: hakuna anayemdai cheti mtu aliyevaa tai. Kwa hiyo kesho yake akapita mtaani na tai, mkoba usio na kitu, na cheo alichojipa mwenyewe wakati anafunga kamba za viatu: Mtetezi wa Wakopaji. Atawarudishia bima yao yote. Wao watoe tu ada ndogo ya kufungua jalada.

Na siku hiyo hiyo, tusimnyime haki yake, alikwisha kuulizia basi la kutokea mjini.

Kibanda cha Shangazi kilikuwa cha mwisho. Ndani mlikuwa na cherehani moja, sare za shule zimepangwa hadi dirishani, na mama wa makamo mwenye pini mdomoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kama ni suruali, rudi baadaye. Shule zinafunguliwa Jumatatu."

"Si suruali. Ni bima."

Miguu ya Shangazi ikaacha kukanyaga. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mto wake.

"Mwaka jana niliteguka mkono," akasema. "Sikushona mwezi mzima. Nikaenda kuidai hiyo bima. Kijana wa pale ofisini, mpole kweli, akaniomba barua ya mwajiri aliyenifukuza. Nikamwambia, mwanangu, mwajiri wangu ni mimi. Akasema, basi Shangazi, jifukuze kwanza, halafu ujiandikie."

"Ukafanyaje?"

"Nikarudi nyumbani nikajifikiria. Sikujiona na kosa."

Msomi alicheka, na hapo hakuwa anaigiza.

"Rejesho likachelewa," Shangazi akaendelea. "Wakanitoza kwa kuchelewa. Wakanitumia ujumbe kunikumbusha, wakanitoza na ule ujumbe. Nikaenda kuuliza mbona deni linapanda na mimi nalipa, wakasema hiyo nayo ni huduma, ina gharama yake. Sasa Ijumaa wanakuja kuchukua cherehani. Na hizi sare, mwanangu, vitambaa si vyangu. Wazazi wameshanunua. Watoto watakwenda shule na nini?"

Msomi alihisi kitu kifuani. Akadhani ni kiungulia, akapokea ada, akaondoka.

Mjanja mdogo angeishia hapo. Msomi aliona kwamba mkate huu una pande mbili, na upande wenye siagi ulikuwa ofisini kwa meneja wa kampuni ya mikopo. Akaenda, akakaa bila kukaribishwa, akakunja nne.

"Bosi, mtaa mzima uko mkononi mwangu. Nikisema neno, kesho wako kwa mkaguzi wa wakopeshaji wakimweleza hadithi ya vinyozi waliokatiwa bima ya kufukuzwa kazi."

Meneja alikuwa mtu wa shingo fupi na haraka nyingi. Neno mkaguzi lilimfanya alegeze tai.

"Unataka nini?"

"Fungu langu. Mimi nakuletea watu, wewe unayazika madai ya bima mbele yao, wanarudi nyumbani wametulia. Kisha unanikumbuka."

"Nikiwapa karatasi watakwenda kusomewa na wanasheria," akasema meneja. "Nataka maneno ya mdomo. Hadharani, simu zirekodi, ili kesho mtu asinigeuke. Wewe msomi, nitafutie maneno."

Msomi akainua uso darini. Kama kulikuwa na kitu alichokipenda kuliko fedha, ni sauti yake mwenyewe.

"Sema hivi: ndugu wateja, kuanzia leo, sisi na ninyi hatudaiani."

Meneja akalionja lile neno taratibu. "Hatudaiani. Tamu."

"Wao watasikia undugu. Wewe utakuwa umeizika bima."

Wakapeana mikono, kila mmoja akihesabu vidole vyake baadaye.

Ijumaa uani kwa kampuni kulijaa. Kulikuwa pia na pikapu, na juu ya pikapu, imefungwa kamba kama mbuzi wa mnada, cherehani ya Shangazi. Waliifuata asubuhi na mapema. Meneja alitaka watu waione wakiwa wanamsikiliza, kwa maana usia hunoga ukiwa na mfano. Shangazi alisimama karibu na gurudumu, sare moja isiyokuwa na mkono mmoja imening'inia begani mwake.

"Toeni simu mrekodi," akasema meneja. "Sitaki mtu aseme hakusikia. Ndugu wateja, kuanzia leo, sisi na ninyi hatudaiani."

Hapa inafaa tusimame kidogo kwa heshima ya sarufi, ambayo wajanja wengi huidharau. Angesema "hamtudai", angeizika bima na kwenda kunywa chai. Lakini lile neno alilopewa lina mkia, na mkia ule unakata huku na huku.

Kinyozi akainua mkono, na mwingine ameshika simu. "Samahani, bosi. Hatudaiani kabisa?"

"Kabisa."

"Sisi kwenu na ninyi kwetu?"

"Sisi kwenu na ninyi kwetu," akajibu meneja, kwa kuwa alikuwa na haraka. "Hamsikii Kiswahili?"

"Tunakisikia," akasema Shangazi. "Bima yetu kaeni nayo. Nishushie cherehani yangu."

"Cherehani ni ya deni, mama."

"Deni gani, baba? Umesema hatudaiani."

Kicheko kilianzia kwa muuza mkaa, kikapita kwa fundi viatu, kikazunguka ua mzima. Meneja akainua mkono kuwatuliza. "Nilikuwa na maana ya bima."

"Sawa," akasema Shangazi, bila kupandisha sauti. "Basi hii video tuipeleke kwa mkaguzi, ukamweleze maana yako. Atakuuliza hiyo bima ilikuwaje mpaka uhitaji kuizika. Ukishamwambia, uje utuambie na sisi."

Meneja akatazama zile simu zote zilizomwelekea usoni. Mabega yake yakashuka. "Chukueni," akasema. "Yaishe."

Shangwe ikapasuka. Nani aliyempa meneja maneno ya namna ile? Msomi, nani mwingine. Kabla hajafika getini alikuwa juu ya mabega ya watu, tai imemzunguka sikioni. "Mtetezi," waliimba, na yeye, kwa kuwa sifa zilimshinda siku zote, akapunga mkono.

Hilo meneja hakuliweza.

"Mtetezi wenu?" akafoka. "Huyu alikuja ofisini kwangu kuwauza. Nilikuwa nimpe fungu lake leo!"

Nyimbo zikafa. Msomi aliyaona mabega yaliyombeba yakikaza. Hakuna aliyemwangusha. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemshusha.

"Kaka," akasema kinyozi kutoka chini ya paja la kushoto, "ile ada ya kufungua jalada. Jalada liko wapi?"

"Ndugu zangu, nishusheni tuongee kama watu wazima."

"Ongea tu. Huko uliko tunakusikia vizuri."

Msomi akatazama barabara. Basi lake lilipita, likapiga honi, likaenda. Akavua kiatu, akavuta soksi, na ada za mtaa mzima zikaanza kurudi kwa wenyewe, noti moja moja, zikiwa na joto. Alipomfikia Shangazi akainama kumpa yake.

"Shangazi, nisamehe."

"Nitakusamehe Jumatatu. Leo sina nafasi."

Dereva wa pikapu alikuwa bado ameshika kamba, amechanganyikiwa, macho yake yakienda kwenye cherehani iliyo juu ya gari na kurudi kwa mtu aliye juu ya mabega.

"Sasa mama, tunashusha kipi?"

Shangazi akawatazama wote wawili huko juu.

"Anzeni na cherehani," akasema. "Hiyo ina kazi ya kufanya."