Mito ya Kochi na Maji ya Gereji

Jumatatu, 3 Februari

Bwana Afya amefika gerejini kwa mkwe wangu. Maji ya kuoshea injini yanatoka na mafuta, yanaingia bustanini kwa jirani. Tusipoyasafisha kufikia Jumamosi, gereji inafungwa. Chumba changu kiko nyuma ya gereji hiyo. Nimehama vya kutosha kujua kwamba vitabu huongezeka uzito kila safari. Sihami tena.

Mkwe alitaka kumwita fundi bomba. Nikamwambia aniachie, haya niliyasoma zamani. Tone dogo sana la mafuta hupata shida kuelea. Lipitishe kwenye nyuzi zilizoshindiliwa: litanasa, litakutana na wenzake, wataungana, watapanda juu wenyewe. Fundi bomba, aliyekuja hata hivyo, akauliza kama mzee anataka kuchuja maji kwa godoro.

Si godoro. Ni mito ya kochi ya binti yangu.

Jumanne, 4 Februari

Nimeshindilia nyuzi za mito hiyo ndani ya pipa kwa ngumi, kisha kwa mguu. Maji yakagoma kupita, yakafurika hadi viatuni kwa mteja. Fundi bomba akasema hata mlangoni, watu wakibanana hapiti mtu. Binti akauliza mito yake iko wapi. Nikasingizia usingizi.

Alhamisi, 6 Februari

Nimezilegeza, nikamimina polepole. Imekubali. Upande wa pili matone yametoka manene kama maharage, yakapanda mojamoja, na chini yake maji safi. Nilitazama mpaka chai ikapoa. Kila tone lilikuwa likitangatanga peke yake, hadi lilipopata mahali pa kushika. Nilitaka kumwambia binti, nikahofu atadhani nazungumzia habari zetu.

Fundi bomba akakuna kichwa. Akasema haya mzee, umetuweza, sasa usiguse kitu.

Ijumaa, 7 Februari

Nyuzi zimekuwa nyeusi. Mgeni wa serikali haonyeshwi uchafu. Nimezitoa, nimezifua kwa sabuni ya unga mpaka povu likafika mlangoni. Binti alisema baba, ziache. Watoto wa siku hizi hawajui kupokea mgeni.

Jumamosi, 8 Februari

Maji yametoka kama maziwa. Sabuni imelivika kila tone koti. Hakuna lililotaka kumgusa mwenzake. Bwana Afya akachungulia, akauliza tumeanza lini kufuga ng'ombe. Fundi bomba akauliza nani katia sabuni. Binti akanitazama. Mimi nikatazama paa.

Tumepewa mpaka keshokutwa. Mkwe, kwa adabu zake zote, ameniomba nikapumzike.

Jumapili, 9 Februari

Binti ameleta mto wake wa mwisho, ameuchana mwenyewe, akajaza pipa kwa kiasi. Matone yanapanda. Akanishika bega, akasema baba, huendi popote.

Sasa wamelala, wamechoka. Nyuzi zimeanza kupata weusi. Nimetafakari sana: kosa la Ijumaa halikuwa sabuni, lilikuwa sabuni ya bei rahisi. Ninayo nyingine, laini, ya kuogeshea watoto wachanga. Nazisuuza kidogo tu, binti yangu asije akaaibika kesho.