Makayabo Yavuka Bahari ya Makindye

Sogeeni, enyi mlioshiba na mlio na njaa, mwache simu zenu kidogo, msikie jinsi Bibiane wa Bukavu, mbeba beseni, asiye upande wa mtu, alivyoshinda mzingiro wa bahari katika nyumba za askari kule Makindye!

Mvua ya siku mbili ilikuwa imejaza maji, ya kufika magotini, baina ya mlango wa Florence na mlango wa Aloyo, wake wa makoplo waliotangaziana vita kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Florence akauteka ubao wa pekee wa kuvukia. Akamwamuru jirani yake Sulaimani aandike amri kwenye boksi kwamba chakula kisimfikie adui, naye Sulaimani, ambaye kwake l na r ni kitu kimoja, akaandika kwa mkaa: VITU YA KURA HAIPITI.

Ndipo akatokea Bibiane na makayabo, samaki wa chumvi, aliyoyaroweka tangu alfajiri kwa agizo la Aloyo. Makayabo yaliyorowekwa hayangoji suluhu; yasipopikwa leo, kesho ni ya kutupwa.

"Simama!" akanguruma Florence, bingwa wa fagio. "Mzigo ya adui, nakamata yote!"

"Mama Florence, miye sina vita na mutu. Hata wewe juzi ulikula yangu."

"Soma amri!"

Bibiane akaisoma polepole, kama balozi mbele ya mkataba, kisha akainua uso.

"Imeandikwa vitu ya kura. Makayabo yangu inapiga kura wapi?"

Madirisha yote yakacheka. Florence akamgeukia mwandishi wake. "Sulaimani! Si nilisema kula?"

"Ndiyo, mama," akajitetea Sulaimani. "Kura. Chakura."

Wakubwa wa dunia hubishana miaka mizima ni shehena gani ya asiyepigana ikamatwe. Florence alibishana na boksi lake dakika nzima, akashindwa. "Pita," akasema, akichomoa vipande viwili vinono. "Hii ni ya ulinzi."

Bibiane akameza hasira, akavuka. Hatua saba, enyi vizazi vijavyo, hatua saba! Na bahari ikawa huru kwa wote wasiogombana.

Aloyo akapokea beseni, akaonja kidogo.

"Chumvi mingi," akasema.