Kondoo wa Kampuni ya Ndege

Jumamosi, 6 Agosti 1955

Nimerudi kutoka Dar es Salaam kwa ndege. Mimi, Ndesanjo, karani wa chama cha kahawa, kwa ndege! Tiketi ilikuwa ya Bwana Meneja. Meneja akashikwa na tumbo, tiketi ikashikwa na mimi.

Safari njema. Ndege ilitua Arusha saa mbili mchana, kama ratiba ilivyosema. Watu wengine huiita saa nane. Tangu nimalize sekondari nasoma saa kama ilivyoandikwa usoni mwake. Mshale ukigusa nne, ni saa nne. Wenzangu hutazama mshale uleule ulio kwenye nne wakasema saa kumi. Ni tabia ya kale, na nimeamua kuipinga. Mpaka sasa naipinga peke yangu.

Leo ilikuwa siku ya posa yangu. Baba mkubwa na wazee wetu walikuwa wanitangulie kijijini Akheri kwa Mzee Aminiel, kunisemea kwa binti yake Tekla. Mzee Aminiel alisisitiza niwepo mwenyewe, maana, alisema, posa haipokelewi kwa mtu asiyeonekana. Kabla ya safari nilimwandikia barua safi: nitafika Jumamosi saa nne.

Nimefika saa nne. Jua lilikuwa limeanza kuinamia Mlima Meru. Uani hapakuwa na mtu. Mama yake Tekla alikuwa anakusanya viti. Nikamwamkia. Aliitikia kwa mdomo tu. Akasema wazee wa pande mbili walifika saa nne asubuhi, kama barua ilivyosema. Wakakaa. Chungu cha loshoro, mahindi ya maziwa mgando, kikapoa mbele yao kwa sababu huwezi kuanza kula kabla mwenye shughuli hajaonekana. Walipoona hata mbwa amekata tamaa, wakaenda zao. Baba mkubwa aliondoka akinitukana kwa Kimeru cha ndani kabisa.

Nikaelewa mara moja. Nao walikuwa hawajaelewa.

Nikamwambia Mama ndege ilichelewa.

Si uongo. Ukiilinganisha na wazee, ilichelewa.

Jumapili, 7 Agosti

Kanisani nimetazamwa kuliko mhubiri. Baada ya ibada Mzee Aminiel aliniita nje, mbele ya wazee wenzake. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa na sura ya majuto tayari.

Sikutukanwa. Mzee alinishika bega, akasema mwanangu, pole. Kisha akauliza huyo aliyekuchelewesha ana jina? Ana mlango? Nikasema ni kampuni ya ndege, mlango wake uko mjini, dukani kwa Pravin, anayeuza mablanketi upande mmoja na tiketi upande wa pili. Mzee akasema basi amepatikana. Anayewakalisha wazee na njaa analeta kondoo dume. Ndiyo fidia. Si wewe, kijana. Ni yeye.

Nikasema labda tusamehe. Nikataja hata mistari miwili ya Maandiko. Mzee akasema kusamehe kunakuja baada ya kondoo. Akawakumbusha wote kwamba Wameru walipeleka madai yao ya ardhi ng'ambo mpaka Umoja wa Mataifa, na yeye mwenyewe alichanga. Sembuse kwa Pravin!

Wazee wakaguna kwa kukubali. Habari za Tekla zimesimamishwa mpaka kondoo afike.

Ephraimu alikuwepo. Ndiye dresa wa zahanati, anafunga watu vidonda na ana saa ya mkononi. Mwaka jana mjomba wake alimposea Tekla, wakaambiwa wasubiri. Bado anasubiri, kwa bidii. Alisema dai hili ni la haki na yuko tayari kusaidia. Akaniita Bwana Ndege. Watu wakacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Jumatatu, 8 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda kwa Pravin. Mpango: apate kuandika kwa heshima kwamba ndege ilichelewa kidogo. Kidogo tu. Mawingu, kwa mfano.

Pravin alitazama ratiba ukutani. Akasema ndege ilitua saa nane, Bwana. Ilitakiwa kutua saa nane. Nikasema ndiyo, hilo ndilo tatizo. Akavua miwani. Akasema miaka yote watu wanakuja hapa kulalamika imechelewa. Wewe ni wa kwanza kulalamika imewahi. Nikamuuliza kama hawezi kuichelewesha kwa maandishi tu. Akasema hawezi, ila ana mablanketi mazuri, baridi ya Meru haijaisha.

Akamwita mkewe, Kalpana, atoke nyuma ya duka aje asikie. Ikanibidi nirudie yote. Kalpana alicheka mpaka akakaa kwenye gunia.

Nimenunua blanketi. Sijui kwa nini.

Jumanne, 9 Agosti

Sikufanya kitu. Nilifikiri. Watu hawajui kwamba hiyo nayo ni kazi.

Jumatano, 10 Agosti

Nimepata! Jambo lenyewe ni rahisi mno. Mzee anataka kondoo kutoka kwa kampuni ya ndege. Kondoo hasemi katoka wapi.

Nilikwenda gulioni Tengeru nikanunua dume, jeupe, kichwa cheusi, tabia mbaya. Lilinivuta zaidi ya nilivyolivuta. Njiani nilikutana na Ephraimu. Akauliza Bwana Ndege, leo abiria wako amelipa nauli? Nikamwambia ni wa kampuni. Akasema kampuni ina malisho mazuri. Nikapita kwa hadhi, kadiri kondoo alivyoniruhusu.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimemfikisha kondoo. Nilimfunga kikaratasi shingoni: Kwa heshima, Kampuni ya Ndege. Mzee Aminiel alikisoma, akampapasa mgongo, akasema hawa watu wana adabu. Nikaona nimeshinda. Tekla alikuwa mlangoni, anachambua mboga. Alinitazama, akamtazama kondoo, akarudi kwenye mboga. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Nadhani ni furaha.

Kisha Mzee akauliza Pravin yuko wapi. Nikasema yuko dukani. Akauliza kwa nini hakuja na kondoo wake. Nikarekebisha kikaratasi. Akaeleza polepole, kama kwa mtoto: aliyekosa analeta kondoo kwa mkono wake, anatamka neno, na anakula pamoja na aliowakosea. Kondoo asiyeliwa pamoja si fidia. Huyo ni rushwa. Na yeye, mzee wa kanisa, hawezi kula rushwa.

Nikasema Pravin ana kazi nyingi. Mzee akasema ndiyo maana tutamfuata sisi. Kesho tunakwenda mjini kumshukuru na kumkaribisha karamu ya Jumamosi. Ephraimu naye, aliyekuwa amepita tu kusalimia, akasema atatusindikiza.

Pravin! Ambaye hali nyama!

Nimekaa na kupanga. Mpango wa mkalimani. Nitamwambia Mzee kwamba mambo ya ndege husemwa kwa Kiingereza tu, ndiyo sheria. Nitatangulia nimwambie Pravin kwamba wazee hawa wanajua Kimeru peke yake. Wao watasema, mimi nitatafsiri. Kila mmoja atasikia anachohitaji kusikia. Sioni pengo.

Ijumaa, 12 Agosti

Pengo lilikuwepo.

Mzee Aminiel hata hajaingia vizuri mlangoni, Pravin akasimama akasema shikamoo mzee, kwa Kiswahili. Mzee akaitikia marahaba, akauliza habari za Mama Kalpana na kama ule mguu umepona. Kumbe anamnunulia mkewe mablanketi pale tangu Pravin ni mtoto wa dukani! Wakasemezana muda mrefu. Mimi nilisimama katikati nikiwa sina cha kutafsiri. Pravin alinitazama juu ya miwani.

Kisha Mzee akavua kofia na kumshukuru kwa kondoo.

Pravin akauliza kondoo gani. Mzee akasema yule dume, mweupe, kichwa cheusi. Pravin akasema mzee wangu, mimi? Kondoo? Mimi hata yai sili! Kalpana alitoka nyuma mbio aliposikia neno kondoo. Aliponiona alirudi kwenye gunia lake.

Nilijaribu kueleza kwa Kiingereza. Hakuna aliyenisikiliza.

Mzee akauliza taratibu ndege ilitua saa ngapi. Pravin akamwonyesha ratiba, saa nane mchana, na ndivyo ilivyotua. Mzee akatoa barua yangu mfukoni mwa koti. Akaisoma kwa sauti: nitafika saa nne. Akauliza mtu anafikaje Akheri saa nne asubuhi kwa ndege ambayo hata Dar es Salaam haijaondoka. Ni swali zuri. Nikakiri kwamba ni swali zuri.

Hapo Ephraimu akanyoosha mkono wake wenye saa, akaniomba, Bwana Ndege, tusomee. Mshale ulikuwa kwenye kumi na moja. Ningeweza kusema saa tano kama watu. Lakini mtu ana msimamo wake. Nikasema saa kumi na moja.

Wote waligeuka wakatazama nje. Jua lilikuwa linapanda juu ya paa. Mzee Aminiel akauliza kumi na moja ya alfajiri au ya jioni, maana zote mbili hazionekani.

Pravin akasema sasa ameelewa. Mzee akasema na yeye pia. Mimi hawakuniuliza, ingawa nilikuwa nimeelewa tangu Jumamosi.

Tulianza kurudi. Mzee alingoja tuipite Tengeru. Kisha akatoa hukumu. Kondoo ni wangu, basi fidia ni yangu, nitaitamka kwa mdomo wangu kesho mbele ya wazee. Pili, nimemsingizia Pravin, mtu asiye na hatia. Naye atafidiwa kwa kitu anachokula. Tatu, kuhusu Tekla, yeye hasemi tena. Atamuuliza mwenyewe mbele ya wote, na akisema hapana, ni hapana, na mjomba wa Ephraimu asubiri karibu.

Ephraimu alikuwa anapiga mluzi. Wimbo wa kanisa, lakini kwa mwendo wa harusi.

Sitalala. Kuhusu kondoo sina neno. Kuhusu Pravin sina neno. Ila Tekla akisema hapana, sijui kesho kutwa nitaamka nifanye nini.

Jumamosi, 13 Agosti

Wazee walikuja wote, saa nne yao. Nilifika mapema kuliko viti.

Nikasimama nikatamka. Nikasema ndege haikuchelewa, mimi ndiye niliyewakalisha. Nilitaka kuongeza maelezo mafupi kuhusu uso wa saa, lakini Baba mkubwa alinivuta koti. Nikakaa.

Pravin na Kalpana walikuja na gari lao. Nilikuwa nimewaandalia maziwa mgando, ndizi mbivu na maharage. Nikawahudumia kwa mikono yangu. Pravin akasema amenisamehe, na ratiba imenisamehe. Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa, Ephraimu akampiga mgongoni. Alionekana kama mtu mwema, na nilimchukia.

Kondoo akaliwa. Kisha Mzee Aminiel akamwita Tekla. Akamwambia mwanangu, umeyasikia yote. Huyu amedanganya kanisani, amedanganya gulioni, amedanganya mjini. Hapa yupo Ephraimu, kijana wa kazi, ana saa na anaijua. Sema la moyo wako, hakuna atakayekulaumu.

Nilikuwa natazama viatu vyangu. Kimoja kilikuwa na maharage.

Tekla akasema baba, Ephraimu akisema neno, mimi sijui kama ni kweli. Mwaka jana alimwambia bibi sindano haiumi, bibi akaamini, akalia siku nzima. Huyu Ndesanjo akisema uongo, hata kondoo anajua. Alipokuja Alhamisi na kile kikaratasi niliuma kitambaa changu nisicheke. Nikiishi naye nitajua kila siku lipi ni la kweli. Namtaka huyu.

Mama yake akapiga kigelegele. Ephraimu akatazama saa yake, akasema kumbe muda umekwenda, ana mgonjwa. Mzee Aminiel akanitazama muda mrefu, kama mtu anayetazama ng'ombe aliyekwisha kumnunua. Akasema, karibu.

Tekla amenikubali! Amenikubali!

Jumapili, 14 Agosti

Nimeamka na furaha, nikatulia, nikafikiri tena juu ya maneno ya Tekla. Hata kondoo anajua. Mbele ya wazee! Mbele ya Pravin! Sifa gani hiyo kwa mtu aliyesoma?

Nimepitia wiki nzima kwa utaratibu. Kosa halikuwa uongo. Uongo wenyewe ulikuwa na msingi mzuri. Kosa ni maandalizi. Kikaratasi kilizidisha. Sura yangu ilitangulia maneno. Mkalimani achague watu wasiofahamiana. Haya ni mambo ya mazoezi tu, kama hesabu. Mume hawezi kuingia katika nyumba yake mwenyewe akiwa anasomeka kama tangazo la gulio.

Nimeanza leo. Baada ya ibada nilikwenda kwa Mzee Aminiel kusalimia. Tekla alikuwa jikoni na mama yake, anamenya ndizi. Nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, nikalegeza uso, nikaongea ya kawaida. Nikasema nimelala vizuri. Nikasema kule angani sikuogopa hata kidogo. Nikasema sina kinyongo na Ephraimu. Nikasema nilikuwa napita tu.

Tekla hakuinua kichwa kutoka kwenye ndizi. Akasema huo ni uongo wa tatu tangu ukae.

Kwa hesabu yangu ni wa nne. Mmoja umepita. Nimeanza kuumudu.