Upepo wa Kivu na Mnara Wangu wa Mapipa

Cyangugu, 14 Agosti 2002

Bwana Meya,

Kwa heshima yote niliyobakiwa nayo katika mtaa huu, naleta mashtaka dhidi ya upepo wa ziwa.

Mimi ni Nzabonimpa, fundi wa maji katika kiwanda kidogo cha ngozi cha Maman Mukabera. Maji machafu tuliyokuwa tukimwaga yalinuka mayai yaliyooza. Akina mama wanaofua chini ya kiwanda waliumwa vichwa. Nikajenga mnara: mapipa matatu yaliyotobolewa, yamebebana, ndani nimejaza vigae vilivyovunjika. Maji hudondoka kutoka juu, feni husukuma hewa kutoka chini, na hewa huondoka na ile gesi ya uvundo kupitia bomba. Maji yakatoka hayanuki. Nilinawa uso mbele ya watu, wakanipigia makofi. Niliringa siku nne.

Mashtaka ni haya:

1. Jumamosi jirani yetu Osée alimwoa Jolie wa Bukavu. Familia hizo hazikuwa zimeketi pamoja tangu vita. Upepo ukaibeba gesi yangu hadi kwenye hema lao.

2. Joséphine, mama wa bibi harusi, alisimama, akafunika pua kwa kitenge: "Hii harufu ya vita tuliiachaka ng'ambo. Inatufuata mpaka huku?" Akalia. Muziki ukazimwa, wageni wakaanza kuondoka. Mimi nilikuwa nimeketi mstari wa mbele, kama mtaalamu.

3. Sasa naitwa Papa Yai Bovu. Hata padri alinisalimia hivyo, akaomba radhi, kisha akacheka.

Kwa hiyo naomba upepo upigwe marufuku siku za Jumamosi. Ikishindikana, harusi zote zihamie Nzahaha, mbali na ziwa. Hilo nalo likishindikana, ziwa lisogezwe kidogo.

Nisalimie Madame, watoto, na wote wa ofisini wenye pua.

Wako mtiifu,
Nzabonimpa

N.B. Mke wangu Marguerite ameisoma barua hii na kukataa niitume bila ukweli. Bomba lilielekea kwetu kwanza. Ijumaa nililigeuza mwenyewe kuelekea kwa kina Osée, ili sisi tulale vizuri. Upepo hauna kosa. Jana nilifukia mdomo wa bomba chini ya lundo la mboji mbichi, na uvundo umeishia humo. Kisha nikavuka daraja kwenda Bukavu kumwomba Joséphine msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho, akanisogezea kiti, akasema: "Ikala, Papa. Kula kwanza."