Vidole Vinne vya Pindo

Alhamisi, 1 Julai 1954

Baridi ya asubuhi, upepo, majani makavu hadi ndani ya sufuria ya uji. Wafuga nyuki wa Ipole hawaleti nta mpaka Jumatatu. Niko huru.

Nimefungua sanduku la marehemu Pelagia. Yadi mbili za kitambaa cha buluu chenye madoa meupe, alichomnunulia binti yetu Imakulata, akafa kabla hajakikata. Bado kinanukia karafuu alizotia kwa mkono wake. Jumapili ni misa ya mwaka wake. Mtoto anashuka kesho kutwa kwa treni ya Mwanza, kutoka shule ya masista. Ataingia kanisani na sketi ya nguo ya mama yake. Nitaishona mimi. Alichomwachia mama yake ni hicho tu, hakuna kingine.

Nilikwenda Kanyenye kuazima mkasi kwa Lugembe, fundi cherehani wa barazani, dukani kwa Premji. Kosa langu. Akaniuliza, uzi mdomoni, kama mimi mnunuzi wa nta nimekuwa fundi wa sketi, basi yeye akarine asali? Akataka nimwachie kitambaa. Nikamwambia nilianza na mzigo mmoja wa nta kichwani, leo nina baiskeli na mizani, na sikufundishwa na mtu. Anayeshona magunia atashindwa na sketi? Mkasi alinipa. Akanifuata hadi barabarani akisema, Baba Imaku, usisahau pindo.

Pindo! Ndilo lililonigombanisha na Pelagia miaka yote.

Ijumaa, 2 Julai

Kamba ya Pelagia ingali msumarini. Kila Julai alimsimamisha mtoto mlangoni, akafunga mafundo mawili: la kwanza kiuno, la pili urefu. Haya ni ya mwaka juzi, kabla ya ugonjwa. Nimeyapima: inchi ishirini na mbili, inchi ishirini na nne. Hayajalegea hata kidogo. Alikuwa na mkono wa kufunga, yule mama.

Hesabu. Kitambaa kina urefu wa inchi sabini na mbili. Kiuno kinataka ishirini na mbili. Zinabaki hamsini za kukunja: marinda ishirini na matano, kila moja inchi mbili. Haibaki hata nusu. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Upana ni inchi ishirini na saba, sketi inataka ishirini na nne. Tatu za ziada ndizo pindo lake. Vidole vinne vya nguo vinakunjwa ndani, havionekani, havifanyi kazi! Nilikuwa nikimuuliza anamwekea nani. Alikuwa akinijibu, Baba Imakulata, mtoto si mzinga. Hata siku moja hakunifafanulia.

Baba yangu alibeba pembe hadi pwani, akalipwa merikani iliyopimwa kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole. Mpimaji walimchagua mwenye mkono mfupi kuliko wote. Baba alikilalamikia kipande kilichopungua mpaka anaingia kaburini. Mtoto wa mtu huyo hatupi nguo.

Nimekata. Inchi tatu mara sabini na mbili ni mia mbili na kumi na sita za mraba. Vipande vinne vya kumi na nane, nikaviunga ubavu kwa ubavu: vinafunika kiti cha baiskeli sawasawa. Pelagia angeona.

Jumamosi, 3 Julai

Nimemaliza saa sita. Mkanda wa kiuno ni wa merikani kuukuu. Marinda yamesimama kama askari. Nilikaa nayo mapajani kwenye jua la baraza, mahali alipokuwa akiweka cherehani, nikasikia kama mguu wake unakanyaga. Upepo tu, na jani kavu sakafuni.

Nikaenda stesheni, nimeketi juu ya buluu. Nilimtafuta mtoto wa kunifikia kifuani. Sikumwona. Mtu akasema, shikamoo Baba, karibu na sikio langu.

Nyumbani akaivaa. Kiuno hakikufunga. Magoti yote nje. Nikamwambia kamba haina kosa, huenda masista wanawapa chakula kingi mno. Akacheka kicheko cha mama yake, hasa kile. Kisha akaigeuza, akatafuta pindo. Akaniuliza liko wapi. Nikamweleza mia mbili na kumi na sita. Akaacha kucheka. Akasema polepole, Baba, hii ndiyo nguo ya mwisho aliyoninunulia.

Akatoka. Nilimkuta amesimama mbele ya baiskeli.

Akakitoa kifuniko, akaenda kwa Lugembe. Nilifuata nyuma nikikokota baiskeli. Lugembe hakunicheka, jambo lililoniuma zaidi. Akavifumua vipande vinne, akaviunga chini ya sketi, akafumua marinda mawili na kuongeza mkanda. Kabla jua halijazama ilimkaa. Akasema Mama Imaku angeacha vidole vinne. Nikamwambia najua.

Jumapili, 4 Julai

Misa. Kanisa limejaa. Ukanda wa chini wa sketi una viungo vitatu na alama ya nta, kwa kuwa suruali yangu haikosi nta. Wakati wa Injili nyuki mmoja alikuja kuizunguka sketi, taratibu, akatua kwenye ukanda ule. Imakulata hakumfukuza. Jina la Pelagia liliposomwa, nyuki alikuwa bado ametulia pale.

Nje, Mama Benedikta, jirani yetu, akauliza nani kashona. Imakulata akasema, Baba. Lugembe alikuwa karibu, akatazama viatu vyake. Sikusahihisha.

Jumatatu, 5 Julai

Nimemsimamisha mtoto mlangoni. Mafundo ya Pelagia sikuyafungua, nimefunga mapya mbele ya hayo: ishirini na sita, ishirini na nane. Akaniomba nikishona tena niache vidole vinne. Nikamwahidi.

Mchana nikapita kwa Premji. Ana buluu ile ile, ila hii upana wake ni inchi thelathini na moja. Nimenunua ya mwakani, nimeikata leo leo nisije nikahangaika: ishirini na nane kamili, kwa fundo jipya. Vidole vinne nitamwachia, sawa, lakini havina haja ya kukaa kwenye sketi.

Kiti cha baiskeli kimependeza.