Meza Isiyo na Mwenyeji

Wananchi wote wa Homa Bay wajulishwe kwamba mwaka 1965 Kamati ya Ukoo wa Maneno ilimkamata mgeni aliyeishi kati yetu miaka mingi bila mwenyeji. Mgeni huyo ni neno meza. Mimi nilikuwa katibu, na nasema bila aibu kwamba kazi ilifanywa sawasawa.

Uhuru tulikuwa nao. Kilichobaki ni kujua kila neno limetoka boma gani. Kwetu, mtu akija kukaa katika ardhi ya ukoo mwingine huitwa jadak, na lazima awe na mwenyeji wa kumsimamia. Mwenyekiti wetu, Bwana Nashon Opere, hakuona kwa nini neno liishi kwa raha kuliko mtu.

Tulimwita shahidi mtaalamu, padre wa Kiitalia.

"Mama yake ni Kilatini, mensa," alisema padre. "Alikufa zamani. Wareno na Wahispania wanasema mesa; Wareno ndio waliolileta pwani yenu. Kwa Wahispania ni pia mlima uliokatwa kichwa. Kwetu, mensa ni mahali wafanyakazi wanapokula chakula. Waromania wanasema masă, na kwao ni meza na mlo wenyewe."

"Na Wafaransa?"

"Hao wamechukua neno jingine."

"Mmoja mlima, mmoja chakula, mmoja amemkana mama," alisema Bwana Makori, mjumbe kutoka Kisii. "Padre, hiyo si familia. Hiyo ni vurugu."

Tukaazimia meza zote zizuiliwe ofisini mpaka wenyeji wajitokeze. Mtu mmoja aliuliza kama tunazuia neno au mbao. Alitolewa nje, kwani swali lake halikuwa kwenye ajenda.

Askari aliingia sokoni akazoa meza za wanawake bila kuuliza ni za nani. Nzuri kuliko zote, ya mvule, tuliichagua kwa matumizi ya Kamati. Ilikuwa ya Phelesia, mjane muuza samaki aina ya ngege. Bwana Afya alikuwa amepiga marufuku samaki kuuzwa chini. Bila meza, samaki wake walioza na wajukuu wakalala njaa. Kamati ilisikitika sana, kisha ikala chakula cha mchana juu ya meza hiyo.

Tulikuwa bado tunakula sauti iliposikika mlangoni.

"Hodi! Nimekuja kumsimamia mgeni wenu."

Bwana Nashon, kichwa cha ngege mkononi, aligeukia ukuta ghafla. Kumbe Phelesia ni mama mkwe wake! Kwetu mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe, wala hamtazami usoni. Mama naye alibaki nje, ametugeuzia mgongo. Kikao kikaendelea kati ya migongo miwili.

"Makori," mwenyekiti aliuambia ukuta, "muulize mama, meza hii ni ya boma lake?"

"Ni ya boma langu," Phelesia aliliambia jua. "Marehemu aliichonga tulipooana. Nimewalisha watoto wangu hapo, hata huyo aliye mke wa mtu."

"Iandikwe! Apewe! Haraka!"

Nikaandika. Makori akasoma kwa sauti: meza ni ya boma la Phelesia, kwa haki zote na heshima zote.

"Asanteni," alisema Phelesia. "Sasa mwulizeni mkwe wangu, ni nani anakula na viwiko juu ya meza ya mama mkwe wake?"

Kichwa cha ngege kilianguka.

Aibu ya namna hiyo haiondolewi na azimio. Lazima mkosaji arudishe kitu mwenyewe. Bwana Nashon aliibeba meza kichwani hadi sokoni, mbao zikimficha uso, jambo lililomfaa.

"Na yangu?" aliuliza Rispa, muuza dagaa wa omena. "Mimi ni dada yake Phelesia."

"Hata mimi!" alisema Benta, muuzaji mwenzake.

"Hata sisi!" lilisema soko zima.

Dada wa mama mkwe ni mama mkwe, na mwenyekiti hakuthubutu kudai ushahidi; alirudi ofisini kuzibeba moja moja. Makori alijitolea kumsaidia kubeba.

"Wewe kaa hapo, Mkisii," Rispa alimwambia. "Umeoa kwa nani hapa?"

Siku hizi Bwana Nashon hula amesimama nyuma ya ofisi, na kabla ya kuonja huuliza sahani ni ya nani.